Avareji ya Kilindini si wastani

Mzee mmoja muuza vitambaa pale Biashara Street, Mombasa, alinitolea barua ya wakala wake wa forodha. Neno moja lilikuwa limezungushiwa wino mwekundu: average. "Mwanangu, kijana wa dukani aniambia huu ni wastani. Wastani wa nini? Meli imeshika moto, kontena yangu haikuguswa, na bado wataka nilipe!"

Kijana hakukosea. Kamusi nayo ingemjibu hivyo. Wapo wanaotaka mambo yaishie hapo: Kiswahili kina neno lake, na kusema "avareji" ni uvivu unaomwacha mteja gizani. Wana haki kiasi, maana baadhi ya mawakala hupenda neno ambalo mteja hajui aliulize vipi.

Lakini wastani ni katikati, kutoka wasat ya Kiarabu. Avareji ya melini ilianzia kwenye hasara. Wengi waliochunguza asili yake huifikisha kwenye awar, Kiarabu pia, yaani kasoro ya bidhaa. Mzizi huohuo ulizaa awra, zile sehemu za mwili tulizofundishwa chuoni kuzisitiri. Wataliana wakasema avaria, Wafaransa avarie, Waingereza wakatia mkia wao. (Walikuwa na average nyingine ya kale, kazi ambayo mpangaji alimfanyia mwenye ardhi. Hiyo ilishajifia.)

Sheria yenyewe ya avareji Warumi waliinasibisha na watu wa kisiwa cha Rhodes: nahodha akitosa shehena ili chombo kisizame, waliosalimika humchangia aliyetoswa mali. Tuseme meli na mizigo yake ni shilingi bilioni 10, na kilichotolewa mhanga ni milioni 500. Hiyo ni asilimia 5, basi mwenye kontena ya milioni 2 atatoa laki moja. Na hapa ndipo ninapoipendea: aliyetoswa naye hulipwa pungufu ya asilimia 5 ileile. Hakuna anayetoka na faida, hakuna anayelia peke yake. Kugawana huku ndiko kulikowapa Waingereza, kufikia karne ya 18, maana ya hesabu tunayoijua. Wastani wa darasani ni mjukuu wa mali iliyotoswa. Sasa tunataka mjukuu amtafsirie babu.

Mwaka 2021 meli ya makontena Ever Given ilipokwama kwenye mfereji wa Suez, mwenye meli alitangaza avareji hiyo. Wenye makontena yasiyo na hata mkwaruzo wakatakiwa waweke dhamana kwanza.

Nikamwambia mzee asome "mchango wa hasara".

"Kama wa maziko?"

"Karibu na huo."

Akafikiri. "Na ingeungua yangu, wangenichangia?"

"Wangekuchangia, ikiwa imeharibiwa na maji ya kuzimia moto. Ikiungua kwa moto wenyewe, hasara ni yako."

Hilo hakulipenda, na simlaumu. Akauliza nani humwekea mtu dhamana. Kampuni ya bima, nikamjibu. Akatazama marobota yake rafuni. Bima hakukata. Amana ataiweka taslimu, kabla kontena haijatoka bandari ya Kilindini.