Njia ya Bear Creek: Tusikate Kona za Wachimbaji

Wengi wanaofika Ouray, Colorado, Marekani, huihofia njia ya Bear Creek kwa sababu ya ukingo wake uliochongwa kwenye jabali, juu ya korongo. Naona hofu yao haiko mahali pake. Ukingo ule wachimbaji wa karne ya 19 waliupasua kwa baruti ili wapite nyumbu (chotara wa punda na farasi) wenye mizigo. Hauna uzio, na mtoto mdogo ashikwe mkono, lakini mtu anayetembea kwa utulivu unamtosha. Pa kuchunga zaidi ni mwanzoni, kwenye kona za sleti, yaani mawe bapa.

Gari unaliacha karibu na handaki la barabara kuu namba 550, kusini mwa mji, na njia inapita juu ya handaki lenyewe. Kisha zinaanza kona, moja juu ya nyingine, zimejaa mawe bapa yaliyovunjika yanayolia kama vigae vya chungu. Tabu iko kwenye kushuka: magoti yamechoka na sleti inateleza juu ya sleti. Fupisha hatua, kanyaga kwa unyayo mzima badala ya kisigino, na tumia fimbo mbili.

Na jamani, kona zisikatwe! Zilitengenezwa kwa mwinuko ambao mnyama mwenye mzigo aliuweza. Anayeshuka moja kwa moja hulegeza mawe yanayoshikilia njia, mvua inayofuata hupita palepale alipokanyaga, na njia humomonyoka. Tena jiwe analoliporomosha linaweza kuwaangukia watu kwenye kona ya chini, na chini zaidi kuna magari.

Mgodi wa Grizzly Bear uko kama kilomita 4 kutoka mwanzo, kwenye mwinuko wa karibu mita 3,000. Kwenda na kurudi tenga saa nne hadi tano. Kwa wengi, mimi ningesema hapo panatosha. Mgodi wa Yellow Jacket uko karibu kilomita 3 mbele, na huo ni mwendo wa siku nzima. Anayetoka pwani alale kwanza Ouray usiku mbili, maana mji wenyewe uko mita 2,375 na kichwa huanza kuuma mapema.

Julai na Agosti ngurumo huja mchana. Anza saa kumi na mbili asubuhi, ukiwa na lita tatu za maji na koti la mvua, na saa sita mchana uwe umeshamaliza kona za sleti, kwa kuwa kule miti ni michache na pa kujificha na radi hapapo.

Mgodini, tazama vyuma vyenye kutu na uviache pale vilipo. Usiingie shimoni: matimba (nguzo za mbao zinazoshikilia shimo) yameoza na hewa mbaya haionekani. Maji yanayopita kwenye magwangala (mabaki ya mawe ya mgodi) usinywe hata ukiyachemsha, kwani moto huua vijidudu lakini hauondoi sumu ya madini ya risasi wala ya aseniki.