Kijani cha Dodoma: bustani ya nyasi au pori lenye mibuyu?

Kwenye mchoro wa mipango miji, eneo la wazi hupakwa rangi ya kijani. Lifuate kwa miguu mwezi Septemba: utakuta vumbi, migunga iliyopukutika, korongo la mchanga mkavu na mbuyu usio na jani hata moja. Ubishi unaanzia hapo. Wapo wanaosema hilo ni pori tu, litengenezwe bustani. Wapo wanaosema hicho ndicho kijani cha Dodoma, kiachwe. Na wapo wasiosikika sana vikaoni, wanaouliza kwa nini lililokuwa shamba la uwele la babu yao libaki tupu.

Tuanze na hao wa mwisho, maana bila historia ya ardhi mengine hayaeleweki. TANU ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Mpango kabambe wa 1976, uliochorwa na kampuni ya Canada, ulitaka mji wa makazi yaliyotenganishwa na maeneo ya wazi, usio na majengo makubwa ya fahari. Ardhi ikawa chini ya CDA, na mkazi akapewa hati ya miaka 33. Kwa familia za Kigogo zilizokuwa zikilima na kuchunga humo, hiyo rangi ya kijani ilimaanisha kuondoka. Rais Magufuli aliivunja CDA Mei 2017, majukumu yakaenda halmashauri, na hati ndefu za miaka 99 zikafuata. Watu wengi walishangilia, na walikuwa na sababu. Ila ukali uleule wa bomoabomoa ya CDA uliochukiwa ndio uliowafanya wengi wafikirie mara mbili kabla ya kujenga kwenye eneo la wazi. Sasa jiji limetoka watu 410,956 mwaka 2012 hadi 765,179 mwaka 2022, na kila kipande kisicho na nyumba kinaonekana kama kiwanja kilichosahauliwa.

Hapo wanaotaka bustani wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokiri. Pori lisilo na mwenyewe huwa jalala, baadaye maficho ya vibaka, halafu siku moja unakuta bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja, zimesimikwa. Nyerere Square, bustani ya katikati ya mji, haijavamiwa kwa sababu ina watu: wanafunzi, wapiga picha, wazee wenye magazeti, watoto. Mama hawezi kupita jioni kwenye vichaka vya korongoni, lakini atakaa kwenye benchi penye taa. Mwarobaini nao, hata kama ulitoka Asia, unakua upesi na kubaki na majani wakati wa kiangazi. Muulize bodaboda anayesubiri abiria saa nane mchana kama anajali asili ya mti.

Tatizo ni maji. Dodoma hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Jiji limetegemea kwa miaka mingi visima vya bonde la Makutupora, na vipimo vya zaidi ya nusu karne vinaonyesha kwamba maji ya chini ya ardhi huko hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Kati ya misimu hiyo kina hushuka. Kumwagilia nyasi kwa maji hayo, wakati mtaa wa pili wanapata kwa mgawo, ni anasa.

Pori kwa upande wake halidai hata ndoo. Mbuyu hutunza maji kwenye shina lake. Maua yake meupe hufunguka jioni, popo huyatembelea usiku, na kesho yake yanaanza kunyauka na kudondoka. Mashimo ya miti mikubwa ni nyumba za kasuku wadogo wa kijani wenye kichwa cheusi na ukosi wa njano, ndege ambao kwa asili hawapo nchi nyingine yoyote. Kata miti hiyo upande maua ya kununua kitaluni, uone kama watahamia huko. Korongo nalo, lililokaa kavu miezi minane, siku ya mvua kubwa hubeba maji ya mtaa mzima. Likijengwa, maji hayo yataingia sebuleni kwa watu.

Mimi naegemea pori, lakini si kuliacha lilivyo. Bustani za kumwagilia ziwe chache na ndogo, katikati ya mji ambako watu wapo, na zitumie maji yaliyokwisha kutumika pale inapowezekana. Makorongo na mibuyu ipimwe kama kiwanja kingine chochote: bikoni, namba, hati kwa jina la halmashauri, njia ya miguu iliyofyekwa na taa pembeni. Kufyeka kingo ili watu waonane ni kazi ya mapanga na vibarua wachache, haihitaji mkandarasi wa mabilioni. Uzio na kiingilio nisingeviafiki, kwa sababu vinamfukuza yuleyule jirani ambaye macho yake ndiyo ulinzi.

Familia zilizoondolewa hazitarudishiwa shamba. Lakini kama kuna vibarua vya kutunza maeneo hayo, kuuza vitafunwa pembezoni au kuokota ubuyu msimu ukifika, waanze wao, na liandikwe kwenye mpango badala ya kuachiwa huruma ya mtendaji wa mtaa.