Open kichen, dumu la mawese na mshenga wa Ujiji

Niwaambie mapema, open kichen, yani jiko lisilo na ukuta kati yake na sebule, ni kitu kizuri na nitaitetea mpaka siku naingia kaburini. Wanaosema haifai kwa watu wa Kigoma hawajui wanachosema, tatizo ni mawese, na mawese yenyewe ndo yamenifanyia haya ninayotaka kuwahadithia, mimi na ukuta wangu hatuhusiki kabisa.

Nyumba yetu iko Katubuka, zile nyumba za zamani ambazo aliyejenga alikata vyumba vingi vidogo vidogo alafu sebule akaikumbuka mwishoni. Jiko liko nyuma, lina dirisha moja linalotazama upande wa ziwa, na kati yake na sebule kulikuwa na ukuta. Sasa mimi usiku watoto wakilala naingia Pinterest naangalia majiko ya watu. Yani kaunta nyeupe, bakuli la ndimu juu yake ambazo hakuna anayezikamua, taa zinaning'inia, na hakuna hata sufuria moja yenye masizi. Nikamuonyesha Baba Shani. Akaangalia, akasogeza simu mbali, akaisogeza karibu, akauliza, "Sasa hawa dagaa wanakaangia wapi?"

Nikamwambia humo humo. Nikamwambia na habari za Wajerumani, maana nilikuwa nimesoma, kwamba mwaka 1926 kuna mwanamama msanifu wa majengo anaitwa Margarete Schütte-Lihotzky alichora jiko la nyumba za Frankfurt, kila kitu mpishi anakifikia kwa hatua chache, yakajengwa kama 10,000 hivi, na sisi miaka yote hii tunazunguka na mwiko toka uani mpaka sebuleni. Baba Shani akasema sawa. Sawa yake ile ya mtu anayeangalia mpira.

Fundi alikuwa kijana mmoja wa Gungu, shemeji ndo alinipa namba yake, ana drili yake, ana futi yake na ana majibu ya kila kitu. Akagongagonga ukuta, akapanda darini kuangalia kenchi zimelalia wapi, akashuka na utando wa buibui kichwani akasema, "Dada huu haujabeba kitu, kenchi zote zimelala kwenye kuta za nje, huu unadondoka leo leo." Na kweli ulidondoka, pamoja na soketi ya tivii na waya wa taa ya chooni ambao hakuna aliyejua unapita humo, hayo tuyaache.

Kilichonishinda ni kaunta. Mi nilimweleza vizuri tu ile kanuni ya pembetatu ya jiko, kwamba sinki, jiko na friji vikae kwenye kona tatu, kutoka kimoja kwenda kingine isipungue mita 1.2 na isizidi mita 2.7, ili mpishi asibanwe na asitembee safari za bure. Akatingisha kichwa, akachomoa penseli sikioni, akaandika ukutani PEMBETATU, akapiga mstari chini. Nikaenda kazini nikiwa na amani. Narudi jioni nakuta katikati ya nyumba imejengwa kaunta ya tofali yenye kona tatu, imepigwa tailizi nyeupe, grauti bado mbichi, na ncha moja kali imeelekea sebuleni. Friji iko pale pale ilipokuwa, sinki iko pale pale, jiko pale pale.

Baba Shani alisimama mlangoni na begi lake begani akauliza, "Hii Liemba imepanda nchi kavu lini?"

Na kweli ukiitazama kutoka kwenye kochi ni meli inakuja kukugonga. Ila Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, angalau ilizamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini, hii yetu haizami wala haiibuki, ipo tu. Kuivunja hela hakuna. Kimo chake sentimita 90, kimo sahihi kabisa cha kaunta hicho, na kwa mtu mzima ncha inafika kwenye nyonga, kwahiyo ndani ya muda mfupi familia nzima tukawa tunatembea upande. Usiku ukisikia mtu kasema "Yarabi!" unajua kaenda kunywa maji.

Alafu kikaja kifaa cha kuvuta moshi, mafundi wanakiita hudi. Hicho nilikipenda kuliko vyote, kinang'aa, kina vitufe vitatu, ukiwasha kinanguruma mpaka jirani anajua unapika. Lile bomba lake la bati laini fundi akalipandisha juu likapotelea kwenye jipsamu. Limeishia wapi sikuuliza, maana mimi kwa akili yangu kitu kikishapita juu ya jipsamu kimeshatoka nje. Kwenye hela iliyobaki nikachukua sofa la velveti rangi ya krimu, lile zito la mninga tulilopewa na mzee nikalihamishia kibarazani, na sofa jipya nikaliegemeza mgongo kwenye kaunta, ndo mpangilio ulivyo kwenye picha.

Sasa wifi yangu akapata mchumba. Kijana wa Ujiji, watu wenye adabu zao, wanataka kuja kuleta posa, na kwa vile wifi anaishi kwetu wazee wakaamua kikao kifanyike kwetu mjini. Wakwe zangu wakatoka Ilagala na mzigo, muhogo, migebuka, sombe (kisamvu) ya kutwanga, na dumu la lita tano la mawese mapya, mekundu, bado mazito.

Mama mkwe aliingia, nikampokea mzigo, shikamoo mama, marahaba mwanangu, akapita mpaka ndani akasimama. Akageuka kulia, akageuka kushoto.

"Mwanangu, ukuta umeenda wapi?"

"Nimeutoa mama. Ndo mtindo wa siku hizi, mpishi anapika huku anaongea na wageni."

"Aongee nao nini?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo nalitafuta.

Akasema yeye atapika nje uani kwenye jiko lake la mkaa, mambo ya kuunga mchuzi huku wakwe wanamtazama hayawezi. Mi nikaona hapana, hudi imenunuliwa ya nini. Nikamwambia mama pika humu humu, moshi wote unavutwa, nikawasha kitufe cha mwisho ikanguruma. Akaniangalia akasema, "Kama unasema." Akabeba jiko la mkaa, akabeba kigoda chake, akaenda kukaa nyuma ya kaunta chini kabisa. Akapotea. Yani ukikaa kwenye sofa humuoni, unaona mwiko unachomoza kidogo, unazama, alafu sauti.

Wageni wakafika. Mshenga mtu mzima, kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, kofia ya mkono, fimbo. Wakakaribishwa kwenye sofa la krimu. Baba wa binti kwa utaratibu wao hakai kikaoni, anawaachia wadogo zake waongee, kwahiyo baba mkwe alikuwa amejipumzisha chumba cha watoto na msuli wake akisubiri kuitwa.

Kwa ambao hampiki mawese inabidi niwaeleze hapa. Mawese mabichi huweki tu kitunguu ukaendelea na maisha. Unayachoma kwanza, yanakaa motoni mpaka ule wekundu unakata, yanatulia, na kabla hayajatulia yanatoa moshi mzito wenye harufu inayokaa kwenye nguo mpaka zifuliwe. Kwenye nyumba yenye ukuta moshi huo unatokea mlango wa uani. Kwenye nyumba yangu dirisha la jiko linatazama ziwani, na Kigoma mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, kwahiyo upepo uliingia dirishani ukaukusanya moshi na kuuleta sebuleni.

Mshenga akaanza. Anaongea vizuri yule mzee, maneno ya kupambwa.

"Sisi ni wapita njia, tumepita nje ya bustani yenu, khoo, tumeona ua, khoo khoo, ua hilo limetupendeza..."

Baba mdogo anapunga mkono usoni kiungwana, anajifanya anafukuza nzi.

"...tukasema tubishe hodi tuulize, je wenye bustani mko tayari kutusikiliza?"

Nyuma ya kaunta ikatoka sauti kali, "BADO! HAYAJAIVA!"

Kimya. Mshenga akamtazama baba mdogo. Baba mdogo akatazama kaunta. Mimi nimeshika sinia la juisi, nacheka kwa tumbo, uso nimeukaza. Mshenga akameza mate akajaribu tena, kwamba basi kama muda bado wao wako radhi kusubiri, ila wangependa kujua wasubiri hadi lini, na ile sauti ikajibu, safari hii inamwambia wifi aliyekuwa uani, "Lete kitunguu kwanza!"

Mzee mwingine wa upande wao akamnong'oneza mwenzake, nikasikia kabisa, "Kitunguu ni fungu gani kwenye mahari?"

Hapo ndo mlango wa chumba cha watoto ukafunguka kwa kishindo. Baba mkwe katoka, msuli kaushika kwa mkono mmoja, mkono mwingine unaonyesha juu. "MOTO! Dari linaungua! Tokeni!"

Kumbe mwenzetu kalala chali, akafumbua macho akaona moshi unashuka kutoka kwenye tundu za zile taa ndogo za darini, zote nne, unashuka polepole unamfuata kitandani. Akasema aliona mpaka harufu ya mchuzi, akajua ni ile dakika ya mwisho mtu anakumbuka kwao.

Watu walitoka. Wengine mlango, mmoja dirisha, huyo simtaji maana ni mtu mkubwa mtaani. Mshenga yeye akageuka nyuma kukimbilia jikoni, pengine alidhani kuna mlango wa uani karibu, na hakuna ukuta wa kumsimamisha. Ncha ya kaunta ikampokea kwenye nyonga. Sikuwahi kusikia mtu wa kanzu anasema neno lile. Akajishika kwenye kaunta asianguke, mkono ukapiga dumu, na dumu wifi aliliacha wazi, likalala ubavu kwa upole kabisa likaanza kusema glu, glu, glu, mgongoni kwa sofa. Mi nilisimama na sinia langu naangalia ule wekundu unavyoshuka kwenye velveti, unaingia kwenye mikunjo, unajaza kwanza mkunjo mmoja alafu unahamia mwingine bila haraka, mpaka ukafika alipokuwa amekaa mshenga, na kipande cha kanzu alichokuwa bado amekibania pale.

Mama mkwe akachomoza kichwa juu ya kaunta, mwiko mkononi. "Kuna nini? Mbona wageni wameondoka, chakula tayari."

Nikampigia fundi pale pale. Bomba la hudi umelitolea wapi? Akajibu bila wasiwasi, "Darini dada. Kwani juu si kuna hewa?"

Basi posa iliendelea nje, chini ya mwembe, watu wamekalia lile sofa la mninga la kibarazani na viti vya plastiki, na ugali wa muhogo na migebuka vililiwa vikaisha, wakaongeza. Mshenga akiwa amevaa shati la Baba Shani juu ya msuli aliongea kwa kifupi sana, hakuna bustani wala ua, akataja kiasi, wazee wetu wakataja cha kwao, akasema, "Toeni kanzu na toeni nyonga." Ikapunguzwa kwenye mahari. Wifi mpaka leo ananiambia nina deni lake.

Sofa nililimwagia unga wa muhogo ule ule wa ugali unyonye mafuta, nikaufagia, nikasugua na sabuni ya vyombo kidogo kidogo kwa maji ya baridi, alafu likakaa juani. Hiyo nawapa bure, wekundu wa mawese jua linaupausha, mafuta ndo kazi. Ila kuliweka juani maana yake ni kuliweka kando ya barabara, na hapo nikakoma, kila anayepita anauliza mnahama au mnauza, bodaboda wakaligeuza kijiwe, mmoja akaniuliza bei akiwa amelala juu yake na viatu.

Usiku Baba Shani yuko kimya na simu yake nikajua anaangalia mpira. Akasema, "Lile jiko lako la Frankfurt nimelisoma. Lilikuwa chumba chake peke yake. Na kati yake na sebule wameweka mlango wa kusukuma." Akarudi kwenye simu. Sipendi mwanaume anayesoma.

Mama mkwe hakusema kitu. Kesho yake kabla ya kurudi Ilagala alitoa kwenye mkoba kitenge cha Kongo, cha kijani chenye majogoo, akamwambia Shani amshikie kiti, akakitundika toka upande hadi upande pale ulipokuwa ukuta. Ncha ya kaunta akaivisha kandambili kuukuu, akaifunga na mpira wa baiskeli. Fundi alipokuja kutoboa ukuta bomba litokee nje (bure, alijua mwenyewe) akasimama akavitazama vile vitu, akatoa simu akapiga picha.

Jioni naona kwenye status yake, "Open kichen ya kisasa na pazia la asili, kona salama kwa watoto, karibuni inbox." Nikampigia nimtukane, akaniambia dada subiri kidogo nina mteja kwenye laini nyingine, kutoka Ujiji, mtu mzima, ameona picha amevutiwa, anataka mtindo huo huo nyumbani kwake, na kasema nyumba yenyewe anaifahamu, alishawahi kufika. Ila kaunta anataka ya mviringo.