Mkwe, Rangi Gani?

Mjomba wangu anaamini kwamba mwanamume mwenye heshima zake hachimbi dawa porini. Siku tuliyotoka Tabora kwenda Ujiji nikajitambulishe ukweni, alinisomea masharti pale pale stendi: kanzu isikunjwe, simu izimwe mbele ya wakwe, na maji yasinywewe mpaka tufike.

"Basi likisimama utajificha wapi na kanzu nyeupe?" Akanipokonya chupa yangu ya maji, akampa mama mmoja mwenye mtoto. "Kiu ni mawazo tu. Mimi hapa tangu jana sijaisikia."

Ilikuwa Septemba, mwezi ambao Tabora hata miembe inaonekana imechoka kungoja mvua. Dirisha la upande wetu liligoma kufunguka. Mpaka Urambo nilikuwa mzima. Kaliua mjomba akanunua karanga za chumvi, tukatafuna. Kabla hatujaufikia mto Malagarasi kichwa kilikuwa kinanigonga na ulimi unashikana na kaakaa. Nikamweleza. Akasema huo ni woga wa kuoa.

Uvinza mjomba akashuka kununua mfuko wa chumvi, zawadi ya wakwe. Chumvi ya Uvinza hutoka kwenye chemchemi zake na imesifika tangu enzi za misafara, ila Uvinza yenyewe iko mkoa wa Kigoma. Yaani tulikuwa tunawapelekea watu wa Kigoma chumvi ya kwao. Sikubisha, sikuwa na mate ya kubishia. Hapo ndipo nilipopita chooni mara moja, na nilichokiona kule nikakiweka moyoni. Ningejuaje kwamba kabla ya magharibi kingejadiliwa barazani mbele ya baba mkwe?

Tukafika. Wazee wamepangana juu ya jamvi, tumekaribishwa, nimeanza kutoa shikamoo, midomo ikagandana katikati ya neno. Wazee wakatazamana.

"Kijana mpole," babu mmoja akasema. "Hana maneno mengi."

Mjomba akazipokea sifa hizo kwa kichwa cha juu, utadhani alinilea kwa shabaha hiyo.

Likaletwa sinia la ubwabwa na migebuka iliyoungwa kwa mawese. Ndipo akaingia mzee mwingine, na adabu inataka kijana asimame. Nikasimama. Kusimama nilisimama vizuri sana, ila damu ilibaki chini. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba mwili ukipungukiwa maji hata damu hupungua ujazo, na ukiinuka ghafla kichwa kinakosa mgao wake. Kwa wakati ule niliona giza tu, halafu nikajikuta nimekaa ndani ya sinia. Wenye kujua mawese hawahitaji kuelezwa habari ya ile kanzu.

Baraza likachangamka. Mmoja akasema ni kifafa. Mwingine, jini, tena la kike, limeona wivu. Babu aliyenisifu upole akainama kuninusa mdomo, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kukosa harufu. Mjomba alikuwa ananipepea kwa kofia yake huku akirudia, "Ni woga wa kuoa, jamani, woga wa kuoa."

Akatoka ndani shangazi wa mchumba wangu, muuguzi mstaafu. Hakuuliza habari za jini.

"Mkwe, leo umekwenda haja ndogo mara ngapi?"

Ukweni mtu huona haya hata kutafuna kwa sauti. Nikanong'ona, "Moja, shangazi."

"Rangi gani?"

Nikamtazama baba mkwe. Baba mkwe akatazama dari.

Shangazi alipoona nimebanwa na haya, akanirahisishia kazi. Akainua glasi ya maji ya ndimu. "Hivi? Hii ndiyo ya mtu anayekunywa maji." Nikatikisa kichwa. Akainua jagi la juisi ya pasheni. Nikatikisa tena. Akazungusha macho barazani, akachukua kikombe cha chai ya rangi kilichokuwa mbele ya baba mkwe, akakiinua mwangani watu wote wakakiona.

Nikainamisha kichwa.

Kikombe kikarudishwa mahali pake. Baba mkwe akakisogeza kwa kidole kimoja, taratibu, mpaka kikamfikia jirani yake. Jirani naye hakukitaka.

"Huyu kaishiwa maji," shangazi akasema. "Na wewe baba uliyemleta?"

"Mimi sisikii kiu."

"Umri huo kiu inapungua, lakini mwili unadai maji yale yale. Toa ulimi."

Mjomba, msemaji wa ukoo, akatoa ulimi mbele ya wakwe. Ulikuwa umekauka kuliko wangu.

Paketi za ORS, ule unga wa kuchanganya na maji wa kumrudishia maji aliyeishiwa, zilikuwa zimeisha nyumbani, basi shangazi akachukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, na chumvi nusu kijiko kidogo. Chumvi ya mjomba.

"Si mnaona?" mjomba akang'aka. "Niliileta kwa sababu!" Akataka kuongeza kijiko kizima kwa fahari ya zawadi yake. Shangazi akamzuia mkono: chumvi ikizidi ni hatari. Na mimi niliyetaka kugida jagi lote nikaambiwa ninywe fundo moja moja, nisije nikatapika na kurudi tulikotoka. Akaongeza kwamba ningekuwa naweweseka, au siwezi kunywa, saa hizo tungekuwa njiani kwenda kutundikiwa dripu. Akina mama waliojazana mlangoni nao wakapewa lao: mtoto anayeharisha akilia bila machozi, macho yamedidimia, asisubiri kesho.

Baada ya saa moja hivi nilikuwa mtu. Shida ikahamia kwa mjomba, aliyekunywa glasi nne kwa kuona haya, akafuatia na chai mbili. Mazungumzo ya mahari yalipoanza, na maji nayo yakaanza kazi. Kila hoja ilipofika penye uzito, msemaji wetu alikuwa chooni. Akirudi anakuta jambo limepita.

"Tulisema ng'ombe wangapi?"

"Ulishakubali," wanamwambia.

Orodha kamili ikanifikia kwa simu wiki iliyofuata: mkaja wa mama, blanketi la bibi, kanzu ya babu. Na mwisho kabisa, jamvi jipya, kwa kuwa lile la zamani limeingia mawese. Mjomba akataka kupiga simu aombe walau jamvi lipunguzwe. Nikamwambia hilo asihangaike kuliombea, atalinunua yeye.