Daraja Lililogoma Kuanguka

Wadau, najua video mmeshaiona. Shemeji kairusha kwenye kundi la ukoo hata sijashuka garini, tena kakata sehemu yote ya maelezo, kabakiza ukelele tu. Acheni nieleze mwenyewe.

Ni pale Kilimanjaro Safaris, safari ya lori ya kutazama wanyama, ndani ya bustani ya Disney's Animal Kingdom, Florida. Nilimpeleka mjomba, katoka Moshi juzi tu, na kwenye foleni swali lake la kwanza likawa, "Mlima uko wapi?" Mlima hakuna, mjomba. Kuna ekari zipatazo 110 za nchi tambarare, kijiji cha Harambe kilichoiga sura ya Lamu, na mibuyu ya zege. Hata ile barabara ya matope ni zege: lilitiwa rangi, na lingali bichi likapitishiwa matairi, likabanwa mawe na vijiti, ili lori liyumbe kama liko porini kweli. Nilimweleza yote hayo kwa sauti ya mtaalamu, halafu nikawatafsiria na jirani zetu kwa Kiingereza. Hakuna aliyeniomba. Lori linabeba watu 32 hivi, kwa hiyo mashahidi ni wengi.

Tatizo, utaalamu wangu ulikuwa wa enzi zile. Bustani ilipofunguliwa Aprili 1998, safari ilikuwa na kisa ndani yake: redio inakoroma, askari wa wanyamapori anatangaza kwamba tembo jike, Big Red, na mwanawe Little Red wanaandamwa na majangili, na lori lenu linajiunga kuwafukuza. (Kwenye majaribio ya kabla ya ufunguzi walimweka mpaka mzoga wa Big Red, wa sanamu. Watu wakalalamika, ukaondolewa.) Na juu ya bwawa la mamba palikuwa na daraja: gari likifika katikati, linainama upande mmoja kama nguzo zimekatika. Hilo ndilo nililomwahidi mjomba.

Dalili nilizipata, msinisingizie. Tumepita okapi, tumepita vifaru weusi msituni, redio kimya. Dereva anasimulia mambo ya wanyama tu. Shemeji akaninong'oneza, "Mbona majangili hawatangazwi?" Nikamjibu mawimbi ya redio yanasumbua.

Sasa twende polepole, maana video inaanzia hapa. Viboko wamebaki nyuma. Daraja linaonekana. Namwambia mjomba, "Kanyaga sakafu kwa miguu yote miwili, mwili uelekee kulia, likiinama usitupwe." Mjomba, mtu mzima wa watu, akatii. Nikawageukia wazungu wa nyuma: shikeni watoto! Wakashika. Matairi ya mbele yakapanda mbao. Nikavuta pumzi. Matairi ya nyuma yakapanda. Nikafumba macho, nikapaza sauti, "LINAANGUKA HILO!", nikajitupa kulia kwa uzito wangu wote na kung'ang'ania mgongo wa kiti cha mbele.

Haukuwa mgongo wa kiti. Ilikuwa kofia ya ukili, na ndani yake mlikuwa na bibi mmoja wa heshima zake.

Lori likapita. Halikutikisika hata kidogo. (Mnaoweka alama za kicheko kwenye video, tafadhali mtazame na mjomba anavyoendelea kuegemea kulia peke yake, kwa utiifu.) Mamba walikuwa chini wamejianika, midomo wazi, hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Dereva akauliza kwenye kipaza sauti kama huko nyuma kuna usalama. Lori zima likanitazama. Mjomba akajinyoosha taratibu, akafuta miwani, akasema, "Kwani daraja la watu limekukosea nini?"

Jamani, daraja limetulizwa zamani, halichezi tena. Yaliyobaki nayafupisha. Nikaomba radhi, kofia ikarudi kichwani ikiwa na umbo jipya. Twiga, tembo, kisha simba juu ya mwamba wao; hao simba wametengwa nasi kwa handaki ambalo ukikaa garini hulioni. Sikufafanua chochote. Shemeji ndiye aliyefafanua, kwa sauti yangu.

Tulipofika mwisho, pale palipokuwa na kambi ya majangili, tukakuta pundamilia. Mjomba akakumbuka.

"Wale majangili wako wako wapi?"

"Waliondolewa 2012, mjomba. Mahali pao wakawekwa pundamilia."

"Wote?"

"Wote."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi askari wa huku wanafanya kazi."

Halafu wakatokea mbuzi wadogo wafupi, wa mwisho kabisa kabla ya kushuka. Simba aliwapita kimya, tembo kimya, lakini hapo mjomba akasimama, dereva akamwamuru akae. Akakaa, akaniegemea.

"Waulize wanauzaje."

Nimekataa kutafsiri.