Mchanga ndani ya unga wa sambaza
Inaudhi sana! Ziwa Kivu liko hapo chini, sambaza, wale samaki wadogo, wamejaa, lakini anayetafuta chakula cha kuku kisicho na dawa hapa Bukavu anauziwa unga wa sambaza uliochanganywa na mchanga. Kuku wa mayai anahitaji protini karibu asilimia 16 au 17. Mchanga haumpi kitu. Mayai yanapungua, kisha lawama anabebeshwa kuku.

Tia kijiko kimoja cha unga huo katika glasi ya maji, koroga, ngoja kidogo: mchanga unatua chini upesi. Afadhali ununue sambaza wazima waliokauka, usage mwenyewe.

Soja nayo inauzwa imesagwa mbichi! Mbichi inazuia protini isimeng'enywe tumboni. Ikaangwe kwanza, ndipo isagwe. Mahindi yenye ukungu, hata ya bure, usiyachukue.