Kishikwambi cha Mama Mkwe na Malaria Yangu ya Jumamosi

Kishikwambi chenyewe hakikuwa na kosa. Hilo nalisema mapema, maana ukoo mzima wa upande wa mke wangu unakitazama kama shahidi wa mashtaka, na shahidi naye ana heshima yake.

Ilikuwa iPad mini 2, ile iliyotoka mwishoni mwa 2013 na kuacha kutengenezwa Machi 2017. Kijana wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, aliniapia kwamba ni "mali ya Uingereza, haina hata mkwaruzo," akataka laki na themanini. Mama mkwe wangu, aliyeko Tanga, alikuwa na haja moja tu: kumwona usoni binti yake anayeishi Reading, Uingereza. Binti ana iPhone. FaceTime, simu ya video ya Apple, ingemaliza kazi.

Kitu kilichoacha kutengenezwa hakiulizwi umri. Kinaulizwa kimeishia toleo gani la mfumo wake (kwa Apple, iOS), na kazi unayoitaka inakubali toleo hilo au haikubali. Mini ya kwanza, ya 2012, iliishia iOS 9 na ina RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya megabaiti 512; ukifungua kurasa tatu za intaneti, ya kwanza inajisahau. Mini 2 ina chipu ya A7, RAM ya gigabaiti 1, na ilifika iOS 12. Tatizo ni kwamba kwa nje hizi mbili ni kurwa na doto, na wauzaji wanalijua hilo. Geuza mgongoni usome namba ya modeli: A1432, A1454 na A1455 ni ya kwanza, A1489 ni ya pili ya waifai tupu, A1490 ni ya pili inayopokea laini. Maandishi yale ni madogo kama masharti ya mkopo, kwa hiyo yapige picha kwa simu kisha uyavute. Kukiwa na kava lililogandishwa kwa gundi, libanduliwe. Muuzaji akikataa kulibandua, amekwishakujibu.

Yangu ilisoma A1490. Nikatabasamu kwa ndani tu, bei isije ikapanda.

Mama mkwe angekuwa anataka WhatsApp, ningeondoka hata kwa elfu hamsini. WhatsApp ya iPad ilitoka 2025, na haikubali iOS 12. Programu nyingi za kisasa zitakujibu vivyo hivyo, ingawa mara nyingine duka la programu hukupa toleo la zamani linaloendana na kifaa, hasa kama akaunti yako iliwahi kuipakua programu ile. Mambo ya benki usiyaweke humo kabisa. Kwa FaceTime, kusoma vitabu na kutazama video ulizozipakia mwenyewe, mashine bado ina miguu.

Nikaanza ukaguzi. Yule kijana alidhani nitawasha, nitazima, nitalipa. Akaishia kuniletea stuli.

Kwanza ni kufuli ya iCloud, ile inayokifunga kifaa kwa akaunti ya mwenyewe wa awali. Usikubali kuonyeshwa kifaa kilichokwisha kuwashwa na kupambwa picha ya maua. Mwambie atoe akaunti iliyomo, afute kila kitu, halafu mkiwashe upya pamoja, mkiunge kwenye intaneti, mpaka kifike kwenye ukurasa wa kwanza wenye programu. Kikiomba nywila ya mtu usiyemjua, umeshika kigae cha bafuni. Kikisema kinasimamiwa kwa mbali na shule au kampuni fulani, ni kigae vilevile, ila chenye wenyewe. Hayo hayaonekani kabla ya kuunganisha intaneti, ndiyo maana wajanja husema "waifai yetu leo inasumbua." Tumia bando lako.

Pili, tachi. Kandamiza alama ya programu mpaka zote zianze kutetemeka, kisha iburute polepole kila pembe ya kioo, kama unayepiga deki. Ikikuponyoka mahali palepale mara mbili, hapo tachi imekufa.

Tatu, betri. Kilaze chali juu ya kioo cha kabati la duka, ukizungushe kwa kidole. Kikizunguka kama pia, mgongo umetuna, na ndani betri imevimba. Tazama pia kingo, kama kioo kimeanza kunyanyuka. Betri ya mini imegandishwa kwa gundi, na njia ya kuifikia ni kuupasha moto uso wa mbele mpaka ulegee. Fundi mwenye haraka anakurudishia betri mpya na kioo cha zamani chenye ufa mpya. Kama haijavimba, cheza video robo saa, mwanga ukiwa umejaa. Kiwandani waliahidi saa 10, yaani betri nzima ishuke kama asilimia 2 au 3 kwa robo saa. Yangu ilishuka 4. Kwa umri ule, hata mimi nashuka zaidi.

Mwisho jirekodi video ukijisemesha, uisikilize. Kamera ya mbele, maiki na spika vyote umevipima kwa pigo moja. Chomeka chaji ya wati 10, subiri uone asilimia ikipanda. Chaji ya simu ndogo ya wati 5 itachaji pia, ila utazeeka ukisubiri. Tundu la chaji likilegea, mara nyingi ni vumbi tu. Kijiti cha meno na subira vinatosha.

Tukaja kwenye bei. Mimi hugawa kwa miezi. Kifaa cha namna hii nakihesabia miaka miwili, kikizidi ni sadaka. Laki na ishirini kwa miezi 24 ni elfu tano kwa mwezi, na kwa elfu tano mama anamwona mwanawe. Kwa laki na themanini ni elfu saba na mia tano, bado mashine ya zamani ni ileile. Nikamweleza kijana hesabu hiyo. Akaniangalia, akaangalia stuli yake, akasema, "Kaka, toa laki na ishirini unipishe."

Sasa ingekuwa vyema hadithi iishie hapo.

Kishikwambi kinahitaji akaunti, Apple ID. Kufungua mpya kunataka barua pepe, tarehe ya kuzaliwa, na namba ya simu itakayopokea tarakimu sita za kuthibitisha. Namba ya mama mkwe ilikuwa ndani ya kitochi chake, Tanga, na kitochi kilikuwa kwenye chaji kwa jirani. Shemeji yangu alikuwa anaondoka na basi la alfajiri na ndiye wa kukibeba. Saa nne usiku, nikiwa nimechoka, nikaingiza akaunti yangu mwenyewe. Kwa muda tu, nikasema.

Waswahili wenzangu, akaunti ile ina milango miwili. Mlango wa duka la programu ni wa kununulia na kupakulia tu. Ukiingilia hapo pekee, hakuna siri yako inayohama. Mlango wa iCloud ndio unaobeba picha, majina ya watu, ujumbe na FaceTime. Kila mlango una mahali pake kwenye mipangilio. Mimi hili nimewaeleza watu wengi sana, tena kwa sauti ya kukemea. Usiku ule niliingia kwa mlango wa iCloud, na kila kilichouliza "niwashe?" nikakijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama bwana harusi mwenye usingizi.

Kwa wiki mbili mambo yalikuwa matamu. Binti alipiga kutoka Reading, mama akapokea, wakalia kidogo, wakacheka. Kweli simu yangu nayo ililia kila alipopiga, nami nikaiacha ijichokee. Siku moja mama mkwe akanipigia: "Mwanangu, ahsante kwa picha za wajukuu. Kila nikifungua naona mpya." Mimi nilikuwa sijatuma picha yoyote. Nikadhani ni mke wangu aliyetuma, nikapokea shukrani zisizo zangu: "Usijali mama, ni wajibu wetu."

Ndipo ikaja Jumamosi ya watani wa jadi.

Siku hiyohiyo kulikuwa na kikao Tanga, mambo ya harusi ya shemeji mdogo, na wakwe wote wanatakiwa. Mke wangu aliondoka Ijumaa. Mimi nikashikwa na malaria. Malaria yenyewe ilianza baada ya kupata tiketi. Nilimpigia mama mkwe kwa sauti ya mtu aliye chini ya mablanketi matatu, akaniombea dua ndefu, nikaitikia amina, nikavaa jezi. Rangi siitaji, nisiwagawe wasomaji.

Uwanja wa Benjamin Mkapa unachukua watu 60,000, na wote wakishika simu kwa pamoja mtandao unakuwa kama maji ya bomba la mgawo. Rafiki yangu wa kazini, aliyebaki kwake Tabata, alitaka nimwonyeshe uwanja. Akanipigia FaceTime. Simu yangu, katikati ya zile 60,000, haikusikia kitu. Ila wito wa FaceTime hugonga kila kifaa chenye akaunti ile, na Tanga mtandao ulikuwa safi kabisa.

Mama mkwe alikuwa amekiegemeza kishikwambi kwenye birika la kahawa, katikati ya mkeka, wazee wamekizunguka, wanamngoja binti wa Reading naye aingie kikaoni. Kikalia. Mama akabonyeza kijani kama nilivyomfundisha. Akatokea mwanaume kifua wazi, ana chupa mkononi.

Rafiki yangu ana adabu, hilo simnyimi. Alificha chupa akasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi rafiki wa mkweo, mama. Namtafuta. Ameshaingia uwanjani?"

Mke wangu ananiambia kwamba mjomba wake mkubwa ndiye aliyevunja kimya, akauliza, "Uwanja upi wenye hospitali?"

Habari zilinifikia baada ya mechi, nikiwa nje ya geti. Nikajitetea vizuri sana, nasema kweli. Nilisema yule bwana hutania watu, amechanganya siku, mimi niko kitandani na hapa nilipo naona giza. Mama mkwe akasema, "Pole mwanangu." Nikafika nyumbani nimetulia. Nikaoga. Simu ikashika waifai.

Picha za iCloud, ukiwa umezizuia zisile bando, husubiri waifai ndipo zipande. Nilikuwa nimepiga 43. Mimi na vuvuzela. Mimi juu ya mabega ya mtu nisiyemjua. Mimi nimepakwa rangi mpaka kwenye masikio. Tanga, kishikwambi kikiwa palepale penye birika, zikaanza kushuka moja moja, zikipangika kwa saa zilizopigwa: saa kumi na dakika tano, saa kumi na dakika tisa. Nafasi ya gigabaiti 16 ningedhani ingejaa, lakini mfumo ule hubana picha, huweka nakala ndogo ndogo mpaka zote zienee. Uhandisi wa hali ya juu.

Mke wangu alinitumia ujumbe wenye neno moja: "Masikio?"

Nikaruka, nikafuta picha zote 43 kwenye simu yangu. Na kweli, picha ikifutwa kwenye kifaa kimoja chenye akaunti ile, inafutika kwenye vyote. Mama mkwe akanipigia saa hiyohiyo, ana wasiwasi wa dhati: "Mwanangu, picha zako zinapotea zenyewe humu. Kumeingia mwizi?" Nikamwambia labda ni mtandao. Akasema hakuna shida, mjukuu wa darasa la tano ameshaziona mahali pengine. Kuna albamu ya zilizofutwa, hukaa humo hadi siku 30 kabla hazijaondoka kabisa. Mtoto alikuwa anazirudisha moja baada ya nyingine, na kila akirudisha, yangu nayo inarudi.

Ningeweza kukifuta kishikwambi kizima kwa mbali. Ila kingefunguka kikidai nywila yangu, mama angemkosa binti yake, na mimi ningelazimika kwenda Tanga hata hivyo. Basi nikaenda kwa hiari, Jumapili, basi la kwanza.

Kazi ilikuwa ya dakika 20. Fungua mipangilio, gusa jina lililo juu, shuka mpaka chini kabisa, toka. Kitadai nywila ili kukizima kile kipengele cha kutafuta kifaa, iweke. Kikiuliza kama ubakize nakala kwenye kifaa, kataa kila kimoja. Nikafungua akaunti yake mwenyewe, tarehe yake, kitochi chake tumekiweka mezani kimejaa chaji, kinangoja tarakimu sita. Kisha nikatuma Reading ile anwani mpya ya kupigia.

Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni, kanga mabegani, hana neno baya hata moja. Amekaa tu na jagi.

"Homa imeshuka, mwanangu?"

"Imeshuka, mama. Namshukuru Mungu."

"Malaria haishuki hivihivi, hujificha." Akamimina. Ni mwarobaini, umechemshwa tangu alfajiri mpaka umekuwa mweusi, bila sukari. Wazee walikuwa bado hawajaondoka. Mjomba mkubwa alisogeza kiti karibu ili aone vizuri.

Nikanywa. Kitochi kikalia, tarakimu sita zimefika. Ukikosea kuziandika, unaomba nyingine na kungoja upya. Mkono wangu ulitetemeka kwa ule uchungu, nikaandika 8 penye 3.

"Zinakuja nyingine?" mama akauliza.

"Zinakuja, mama."

"Basi tusikae bure," akasema, akajaza kikombe cha pili.